Upande Linakoangukia Jiwe

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: kila nilipoyajaribu yale mawe ya kung'aa, nilisimama nyuma ya mrushaji, mjomba wangu. Sikwenda hata mara moja kusimama upande ule jiwe linakoangukia. Nilikuwa na daftari. Nilipima uzito, nilipima unene wa rangi, nilipima dakika ambazo mwanga ulidumu na hatua kutoka mguu wa mjomba hadi jiwe lilipotua. Nilipima kila kinachopimika kutoka upande wetu. Ningetembea hatua themanini tu, nikageuka, nikatazama, ningeliona kosa lenyewe kwa macho yangu, na pengine mama angekuwa bado analima Mkongani.

Mimi ni fundi wa simu. Nina kibanda Ukunda, upana wake ni kama mlango na nusu. Kazi hii sikuisomea popote, niliijua kwa kuharibu. Simu ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya dada yangu mkubwa, na haikufungika tena. Ya pili ilifungika lakini skrubu mbili zilibaki mkononi, nami nilikaa siku nne bila usingizi mzuri kwa sababu ya skrubu hizo, ijapokuwa simu ilikuwa inafanya kazi. Ndivyo nilivyo. Nikifunga kibanda, hurudi kulivuta kufuli. Nikishafika barabarani hurudi tena. Mteja akiniambia simu yake imepona, mimi humwuliza maswali mpaka aanze kuwa na shaka. Kazi ikiwa haijakwisha ninaipenda. Ikishakwisha naanza kuiogopa.

Shamba la mama lilikuwa ekari moja na kipande huko Mkongani, upande wa mwisho kabisa, ambapo mahindi yakiishia msitu unaanza. Sisi watu wa pwani humwita yule mnyama ndovu, lakini shambani, jua likishaanza kuteremka, hata jina hilo mama hakulitaka. Alisema "wenyewe". "Wenyewe wamepita jana kwa fulani." "Leo upepo unatoka kwa wenyewe." Msimu wa mwaka uliotangulia walikuwa wamekula mahindi yote, wakarudi siku ya pili kukanyaga mabua. Dada, anayeishi Ukunda na mumewe na watoto, alikuja akalitazama lile shamba, akazungumza na mama mbele yangu.

"Mama, tusidanganyane. Msimu ujao wakila tena, unakuja kukaa kwangu."

"Inshallah," mama akasema.

"Si inshallah ya kunifukuza, mama. Nataka neno."

Mama alikuwa anatoa majani ya miba kwenye kanga yake. Aliyatoa yote kwanza. "Haya. Wakila tena, nitakuja."

Mama hakuwa mtu wa kurudi katika neno lake. Kwa hiyo sote tulijua msimu ule ulikuwa na nini ndani yake. Hayakuwa magunia ya mahindi tu. Mama amezaliwa Mkongani, na hajui kuamka mahali ambapo hakuna kitu cha kupalilia.

Aliyelinda shamba lile ni mjomba, kaka yake mama, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijia. Silaha yake ilikuwa kombeo: kamba mbili za katani alizozisuka mwenyewe, katikati kikombe cha ngozi cha kuwekea jiwe. Alikuwa analizungusha juu ya kichwa mara tatu, halafu anaachia kamba moja, na jiwe linaondoka likivuma. Watu wengi hudhani alikuwa anawapiga wanyama. Hakuwapiga. Alirusha kwenye vichaka vilivyokuwa nyuma yao na kando yao, majani yapasuke huku na kule. "Ndovu haogopi jiwe," alinifundisha. "Anaogopa asichokijua."

Alikuwa na kanuni moja ambayo ilifuatwa na kila aliyelinda naye: mwenye sauti hana mkono, na mwenye mkono hana sauti. Wapiga kelele walikaa pembe moja ya shamba, na madebe yao, karibu na nyumba. Mrushaji alikaa pembe nyingine kabisa, juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mazao, kimya, bila taa, bila sigara, bila hata kukohoa. Nilikuwa nimeisikia kanuni hii tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ni kwa sababu ya pumzi, kwamba mtu hawezi kupiga kelele na kurusha kwa nguvu kwa wakati mmoja. Sikumwuliza. Mtu anayejifunza peke yake ana ubaya huo: huuliza simu yake kila kitu, na mtu aliye mbele yake hamwulizi chochote.

Macho ya mjomba yalianza kuingia ukungu. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoondolewa, aje. Alisema ataenda baada ya mavuno. Mavuno yale yakaliwa, akasema ataenda baada ya mavuno yajayo. Jioni moja jiwe lake lilivuka shamba, likapiga bati la jirani yetu, mtu wa bara ambaye wazazi wake waliletwa huku kwenye mashamba ya makazi kabla hajazaliwa. Asubuhi alikuja na jiwe lenyewe mkononi.

"Mzee, hodi gani hii unanipigia usiku?"

"Ulifungua?" mjomba akamwuliza.

"Nilifungua, sikuona mtu. Nikasema basi ni malaika."

"Malaika wa kwenu wanarusha mawe?"

"Wa kwetu wanaimba. Huyu alikuwa wa kwenu, mzee, alikosa tu njia."

Walicheka wote wawili, mama akawaletea chai. Lakini jirani alipokwisha kwenda, mjomba alilishika lile jiwe, akaligeuzageuza. Aliniambia polepole, bila kunitazama, "Siku hizi nikirusha ni kama kumpa mtu salamu gizani. Sijui kama imefika."

Maneno yale yaliniingia. Nilirudi Ukunda nayo.

Pale Diani, kwenye mchanga, kuna wauzaji wa vitu vya watoto ambao jioni hurusha angani vidude vya plastiki vyenye taa ndogo. Wanavivuta kwa mpira kama manati, vinapanda juu sana, kisha vinashuka vikizunguka, vikiwa na rangi ya buluu. Mmoja wao aliniletea cha kwake nikitengeneze. Nilikitengeneza, tukatoka nje, akakirusha, na nilipouona ule mstari wa mwanga ukipanda nikamkumbuka mjomba. Niliona jambo zima papo hapo: jiwe lenye mwanga, mjomba juu ya dungu, macho yake yakilifuata mpaka linapotua, mkono wake ukijirekebisha. Nilifurahi hata nikasahau kumwuliza yule mtu malipo yake.

Ya kwanza niliyatengeneza kwa taa hizo hizo. Nilichukua udongo wa kichuguu, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu kama tofali, nikaufinyanga kuwa tufe la ukubwa wa ndimu, taa ndani, kitobo cha kutokea mwanga, na kitufe kidogo cha kuwasha na kuzima. Yalifanya kazi. Nataka niliseme hilo waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma: yalifanya kazi, na yalizimika. Lakini betri ilikuwa nzito upande mmoja, kwa hiyo jiwe lilipinda likiwa hewani, likatua kiganja kimoja au viwili kando ya lengo. Viganja viwili, katika umbali wa hatua themanini. Mjomba alisema si kitu. Mimi sikuweza kulala. Nikayavunja yote kumi na manne.

Ndipo nikapata unga wa kung'aa, ule ambao ukimulikwa kwa tochi hunywa mwanga, kisha hukaa ukiurudisha gizani kidogo kidogo, kijani kibichi. Niliuchanganya na vanishi, nikayapaka matufe ya udongo mtupu yasiyo na kitu ndani. Sasa uzito ulikuwa sawa pande zote. Niliuchekecha udongo mara mbili ili usiwe na chembe.

"Hili si chujio langu la tui?" mama akauliza.

"Nitalisafisha, mama."

"Na wali wa kesho tuupike kwa tui au kwa kichuguu?"

Niliahidi kumnunulia jingine. Nililinunua, nikalirudisha dukani kwa sababu mshikio wake ulikuwa umepinda, na mama akakaa wiki nzima bila chujio lolote.

Jaribio la kwanza tulilifanya mtelemkoni nyuma ya nyumba, magharibi imekwisha kusaliwa, mwanga wa mbingu ukiwa umebaki kidogo. Nililimulika jiwe, nikampa. Alilizungusha, na duara la kijani likakaa juu ya kichwa chake. Akaachia. Likaenda, likapinda kidogo juu, likashuka, likatua kwenye majani na kubaki pale likiwaka.

Kombeo lilikuwa linaning'inia mkononi mwa mjomba.

"Lile pale," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Naliona."

Akarusha la pili na la tatu, akawa anahesabu mwenyewe: fupi, refu, sawasawa. Alikuwa na miaka miwili hajaliona jiwe lake. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mkewe afariki. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari langu, naandika hatua na dakika, na moyo wangu ulikuwa umejaa. Huko linakoangukia hakukuwa na mtu wala mnyama. Hapakuwa na sababu ya kwenda, isipokuwa kuyaokota.

Basi ningeishia hapo, ningempa mawe yale, mahindi yakiwa bado mafupi, tukajifunza makosa yake mapema katika jioni za kawaida. Sikuishia hapo. Niliona kwamba mengine yanang'aa zaidi ya mengine. Nikayarudisha Ukunda. Kwa wiki tatu nilipaka, nikakwangua, nikapaka tena. Mahindi yalitoa ndevu, nami napaka. Mama alipiga simu.

"Wamepita kwa jirani jana. Kwetu hawajaingia."

"Nakuja Ijumaa, mama."

"Ijumaa ipi?"

Nilikuwa nimeshaahidi Ijumaa mbili. Nilifika Jumamosi. Nilikuwa na kikapu cha ukili chenye mawe thelathini na sita, yote ya uzito mmoja, yote ya mwanga mmoja. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Jioni ileile walikuja. Ilikuwa mapema, adhana ya isha haijatoka bado. Mimi na mjomba tulikuwa juu ya dungu, pembe ya msituni. Mama na jirani walikuwa pembe ya nyumbani, hatua nyingi kutoka kwetu, na madebe yao. Kabla hatujapanda, jirani alikuwa amenitania kama kawaida yake: "Fundi wa simu, leo hawa ndovu unawapigia ama unawatumia meseji?" Mama akamwambia asiwataje. Ni maneno ya mwisho ya mzaha niliyoyasikia siku ile.

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Tawi, kisha pumzi. Walikuwa watatu, mmoja mkubwa na wawili wa wastani, wakasimama pale mahindi yanapoanza. Mama akaanza kupiga debe. Jirani akapaza sauti. Mimi nilijifunika blanketi zito, nikawasha tochi ndani yake na kuyamulika mawe matano matano, mwanga wa tochi usitoke nje hata kidogo. Nilikuwa makini sana na mwanga wa tochi. Nikimkumbuka yule mimi aliye ndani ya blanketi, akiziba kila pindo, nataka kumshika mabega.

Jiwe la kwanza likaenda. Lilitua nyuma yao, sawasawa kabisa, kwenye kichaka. Wale wawili wa wastani wakashtuka, wakarudi hatua. "Umeona?" mjomba akanong'ona. La pili likatua kushoto. La tatu kulia. Alikuwa anarusha kama kijana.

Yule mkubwa hakurudi. Alikuwa amegeuza kichwa kulitazama jiwe la tatu lilipolala likiwaka. Alilitazama kwa utulivu. La nne lilipoondoka, hakulitazama lilipotua. Alitazama lilipotoka. Kichwa chake kilifuata ule mstari kinyumenyume, kama mtu aliyeokota ncha ya uzi na anautafuta mwisho wake wa pili. Masikio yakafunguka.

Mjomba hakumwona. Yeye aliyaona mawe tu. Alikuwa ameshaweka la tano na kuanza kulizungusha, na lile duara likakaa juu yetu, la kijani, mahali pamoja, kama taa iliyotundikwa.

"Mjomba, acha."

"Niache nini? Mkono ndiyo kwanza umepata moto."

"Mjomba, anakuja."

Mkono wake ukashuka. Akasikiliza. Yeye alikuwa anasikia vizuri kuliko mimi, na sasa alisikia kile ambacho furaha ilikuwa imekifunika: mabua yakivunjika, hatua kwa hatua, kuelekea kwetu.

"Zima," akasema.

"Hayazimiki."

"Zima, mwanangu."

"Mjomba, hayana pa kuzimia."

Niliyamwaga yaliyokuwa ndani ya blanketi kwenye kikapu, nikafunika kikapu kwa blanketi, na bado kijani kilitoka kwenye nyuzi. Nilipoinua mikono yangu niliiona. Viganja vyangu vilikuwa vinang'aa, wiki tatu za unga kwenye kucha na mikunjo, na nilikuwa nimevimulika mwenyewe pamoja na mawe. Kiganja cha kulia cha mjomba kilikuwa hivyo pia. Tulikuwa watu wawili juu ya jukwaa, na mikono yetu inaonekana kutoka msituni.

Nilishuka kwanza. Mjomba alikuwa anaitafuta kila ngazi kwa kidole cha mguu, nami chini nikimshika kifundo na kumwekea mguu mahali pake. Ngazi zilikuwa saba. Mimi ninayehesabu kila kitu sitaisahau hesabu hiyo. Kwenye ya mwisho aliteleza, kifundo kikapinda, hakutoa sauti. Tukatambaa hadi kwenye mihogo iliyokuwa ukingoni mwa shamba, tukalala kifudifudi. Nilisugua mikono kwenye udongo, haikuzimika. Nikaiweka chini ya kwapa na kuilalia.

Huko pembe ya nyumbani mama aliendelea kupiga debe. Alikuwa anaamini sisi tunafanya sehemu yetu. Baadaye debe lilinyamaza, nikamsikia akiniita. Si kwa hofu, aliniita kama anavyoniita chakula kikiwa tayari, na kuuliza kama tuko salama. Nilifungua kinywa. Mjomba alinifunika kwa kiganja chake. Mwenye mkono hana sauti. Ndipo nilipoielewa ile kanuni, nikiwa nimelala chini, nikiangalia kijani cha vidole vyake karibu na jicho langu. Haikuwa habari ya pumzi. Jiwe likitoka gizani halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe ndilo linalotisha. Mimi nilikuwa nimelipatia lile jiwe mwenyewe, akaonekana.

Yule mkubwa alilifikia dungu. Hakukasirika. Aliupapasa mti mmoja, akausukuma, jukwaa likalala polepole. Kikapu kikaanguka, mawe yakamwagika miguuni pake, yote ya mwanga mmoja. Aliyanusa. Kisha akageuka, akayakanyaga, akaingia kwenye mahindi, na wenzake wakamfuata.

Kilichofuata sikuweza kukifanyia lolote. Sauti yake ilikuwa kama watu wengi wanakula miwa kwa wakati mmoja, bila haraka. Vanishi ilikuwa imepasuka chini ya miguu ya yule mkubwa na unga umemshika nyayo, kwa hiyo niliziona hatua zake. Gizani, ndani ya mahindi ya mama, zilikuwa zinapanda na kushuka alama nne za kijani, zikienda mstari hadi mstari. Niliona hasa alikofika. Niliona mstari gani umekwisha na upi umebaki. Nilikuwa nimeomba chombo cha kuonyesha mahali kitu kinapotua, na nikakipata. Jirani aliwapigia simu askari wa wanyamapori. Walikuwa upande mwingine wa wilaya, wakasema watakuja, na walikuja, kukiwa hakuna tena cha kuja kukiona.

Mama alitukuta kwenye mihogo. Alimshika mjomba uso kwanza, halafu mimi. Alipoiona mikono yangu akavua kanga yake ya juu akaifunga juu yake, mkono kwa mkono, kama mtu anayefunga kidonda.

Asubuhi mahindi yalikuwa yamelala. Jirani alikuja na chupa ya chai ya maziwa, akakaa na mjomba ambaye kifundo chake kilikuwa kimevimba.

"Fundi," aliniambia, "usijiuwe bana. Hata bila hiyo mawe yako wangekula. Kwangu walikula, na mimi sina taa."

Najua alisema kwa wema. Lakini kwake walipokula, hakuna aliyekuwa amewaonyesha njia.

Nilimfuata mama jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, na yote yalitoka bila mpango. Nilimwambia kuhusu kitufe cha kuzima nilichokitupa kwa ajili ya viganja viwili. Nilimwambia kuhusu wiki tatu. Nilimwambia kwamba sikwenda upande wa pili kutazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa kwenye sufuria.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nishikie hii, nifunge kamba."

Alikuwa anafunga vyombo. Nilikuwa sijaelewa kwamba alikuwa ameshaanza. Dada hakuhitaji kuja kumkumbusha. Siku ya tatu gari dogo la mzigo lilifika barabarani, mama akaagana na kaka yake pale kwenye kijia, akampa mbegu alizokuwa amebakisha, akapanda mbele karibu na dereva. Jembe lake alilisimamisha nyuma ya mlango wa mjomba. Nilimwambia tunaweza kulipakia, nafasi ipo. "Nitalimia nini pale? Sakafu?" akasema.

Baada ya hapo nilirudi Mkongani kila Jumapili kumsaidia mjomba, maana alikuwa anachechemea. Mara ya nne nilikwenda na karatasi. Nilikuwa nimeandika makosa yangu yote, yakajaza kurasa tatu, nikamsomea. Alikuwa ameelekeza uso pale sauti yangu inapotoka. Nilipomaliza akauliza, "Yamebaki mangapi?"

"Makosa?"

"Mawe."

Yalikuwa yamebaki matatu, chini ya kitanda chake, yaliyobiringika siku ile mpaka kwenye mihogo. Alikuwa ameyaokota mwenyewe kwa kupapasa.

"Tuyarushe," akasema. "Sasa hakuna cha kulinda."

Magharibi ilipokwisha tulikwenda pale palipokuwa shamba. Nilimulika jiwe la kwanza, nikamkabidhi. Halafu, bila kumwambia, nilianza kutembea. Nilihesabu hatua themanini, nikazidisha tano, nikasimama kando kidogo, nikageuka.

Sikuliona jiwe kwanza. Nilimwona mjomba. Duara la kijani liliwaka juu ya kichwa chake, na chini yake niliona mkono, kiwiko, ndevu, kofia, mdomo uliofunguka kwa bidii ya kuzungusha. Alionekana mwili wote. Jiwe lilipotoka lilikuwa nukta tu, karibu haisogei, na hata lilipopita kando yangu likivuma, macho yangu yalikuwa bado yamebaki kule kwa mtu. Mtoto angejua aende wapi.

"Umeliona?" aliniita, kwa sauti, maana hapakuwa tena na sababu ya kunyamaza.

"Nimeliona, mjomba."

"Mimi pia."

Akarusha yaliyobaki mawili. Sikusogea mpaka yakaisha.

Tangu wakati ule yaliyobadilika ni haya. Shamba analilima jirani, mihogo mitupu. Dungu halikujengwa tena. Mjomba bado hajaenda hospitali, anasema baada ya mavuno, ijapokuwa hana anachovuna. Mimi bado narudi kulivuta kufuli mara mbili, lakini kila simu ninayoitengeneza, kabla sijaitoa, hutoka nje ya kibanda na kusimama pale anaposimama mteja, nikaitazama kutoka huko. Mama anaishi Ukunda kwa dada, na hajashika jembe tangu msimu ule.